Shajara ya mradi: tarehe kwenye kila mstari wa daftari la kikoba

Jumapili, 2 Februari 2025

Leo kazi imeanza rasmi. Kaunta buku la mwaka 2024 la kikoba cha akina mama hapa Mbagala linahamia kwenye lahajedwali, lote, tangu kikao cha kwanza cha Jumamosi tarehe 6 Januari hadi siku ya kuvunja kikoba na kugawana pesa, Jumamosi tarehe 14 Desemba. Wanachama 28, vikao 50. Kila mwanachama katika kila kikao anapata mstari wake: hisa alizonunua, mchango wa mfuko wa jamii, faini kama alichelewa. Ukizidisha unapata mistari 1,400, na hapo leja ya mikopo bado haijafunguliwa.

Sababu ya kwanza ni ya kiserikali. Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kuweka na kukopa kama hiki vimewekwa daraja la nne, vinatakiwa kusajiliwa, na usimamizi wake unapitia kwenye halmashauri kwa niaba ya Benki Kuu. Kikundi kinachoulizwa taarifa zake lazima kiwe na kitu cha kuonyesha. Sababu ya pili ndiyo inayonisukuma mimi. Hawa ni wauza dagaa, wauza mihogo, mafundi cherehani. Shilingi elfu tano ya hisa moja imetoka kwenye mtaji wa siku, na mwenye pesa anastahili kuuliza "niliweka nini mwezi wa nane?" akajibiwa papo hapo, bila mtu kufunua kurasa kwa nusu saa.

Zana: kompyuta mpakato ya kikundi yenye LibreOffice, Excel kwenye kompyuta ya kijana wa katibu, na simu za viongozi zenye Google Sheets. Chochote nitakachochagua lazima kifanye kazi kote kutatu.

Jumatatu, 3 Februari

Nimepitia daftari kurasa kwa kurasa na mama mweka hazina. Mwandiko wake ni safi ajabu. Kila kikao kina ukurasa wake, tarehe juu kwa kalamu nyekundu, majina 28 chini yake kwa mpangilio uleule usiobadilika mwaka mzima, na jumla mwishoni. Huo mpangilio usiobadilika ni zawadi kubwa kwa mtu anayekuja na kompyuta, nimemwambia hivyo.

Nilipoanza kuchora safu za lahajedwali, safu ya kwanza tarehe, ya pili jina, ya tatu hisa, akaniuliza:

"Mwanangu, tarehe si ipo pale juu? Mbona unairudia rudia kama kasuku?"

Swali lake ni la haki, na ndilo swali la mradi huu mzima. Kwenye karatasi tarehe moja inatosha kwa sababu ukurasa hautawanyiki. Majina 28 yamebanwa chini ya tarehe yake hadi karatasi ichanike. Kwenye lahajedwali hakuna ukurasa. Kuna mistari, na kila mstari unahama peke yake. Nikamwandikia kikao kimoja kwa mtindo wa daftari, tarehe mara moja tu juu, nikaongeza kikao cha pili chini yake, halafu nikapanga kwa majina ili tuone hisa za mwanachama mmoja. Majina yakajipanga vizuri. Tarehe zikabaki mbili tu, kila moja kwa mwanachama aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo. Mistari mingine yote ikawa pesa isiyojulikana ni ya lini.

Akaangalia kimya kidogo. "Kumbe kwenye karatasi ukurasa ndio ulioshika tarehe."

Ndivyo hasa. Na hata kama hutapanga upya, chuja tu: omba mistari ya tarehe 16 Machi na utapata mmoja badala ya 28, kwa sababu mashine inasoma kilichomo kwenye seli, haiangalii seli ya juu kwa kukisia. Kuunganisha seli 28 ziwe moja ndefu yenye tarehe katikati, jambo ambalo watu wengi hulipenda kwa kuwa linapendeza machoni, kunaleta tatizo lilelile: tarehe inakaa kwenye seli ya kwanza tu, nyingine ni tupu.

Kwa hiyo tarehe itaandikwa mara 1,400. Sasa swali ni jinsi ya kuiandika mara 1,400 bila kumchosha mtu.

Jumanne, 4 Februari

Njia za vidole kwanza, kwa sababu hizi katibu atazihitaji kila wiki.

Ya kwanza ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chagua seli zote unazotaka zijazwe, andika tarehe mara moja, kisha badala ya Enter peke yake bonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja. Seli zote ulizochagua zinapata tarehe ileile kwa mpigo. Inakubali Excel na Google Sheets. Kwenye LibreOffice ni Alt na Enter. Watu wengi waliotumia Excel miaka nenda rudi hawaijui hii, wanaburuta tu.

Ya pili ni Ctrl na D. Tarehe ikae seli ya juu, chagua kuanzia hapo kushuka hadi unapotaka, bonyeza, imejaa. Hii haina tofauti kati ya programu zote tatu.

Kuburuta nako kupo, kwa kile kiraba kidogo kilicho pembeni chini kulia mwa seli, ila kuna jambo la kufahamu. Ukiburuta seli moja yenye tarehe, Excel na LibreOffice hudhani unataka siku zinazofuatana, zinakupa 6, 7, 8, 9 Januari. Ili irudie ileile, shikilia Ctrl wakati unaburuta. Kwa Excel unaweza pia kuachia kisha ukachagua kunakili kwenye kialama kidogo kinachojitokeza mwishoni mwa safu. Kama safu ya jirani tayari ina majina, kubofya kiraba hicho mara mbili kunateremsha hadi jina la mwisho bila kuburuta chochote. Lakini kwa tarehe hilo litakupa siku zinazofuatana, kwa hiyo lina faida zaidi kwa fomula.

Kuhusu kuchagua seli nyingi: usiteremke na kipanya mistari 1,400. Kile kisanduku cha anwani kilicho juu kushoto, kinachoonyesha A2 au B7, kinaandikika. Andika A2:A29, Enter, na seli 28 zimechaguliwa.

Kwa mtindo huu kikao kimoja kinajazwa kwa sekunde chache. Vikao 50 bado ni kurudia kitu kimoja mara 50, na kurudia ndiko kunakoleta kuruka mstari. Kesho fomula.

Jumatano, 5 Februari

Fomula ndogo kuliko zote ndiyo iliyoanza. A2 hadi A29 zina tarehe 6 Januari 2024. Katika A30, mstari wa kwanza wa kikao cha pili, andika:

=A2+7

Nakili hadi A1401. Kila seli inaangalia seli iliyo mistari 28 juu yake na kuongeza wiki moja. Kikao cha pili chote kinakuwa 13 Januari, cha tatu 20 Januari, mpaka 14 Desemba. Daftari la mwaka mzima kwa fomula ya herufi tano. Nilifurahi kweli kweli.

Inawezekana kwa sababu tarehe kwenye lahajedwali ni namba tu iliyovalishwa sura ya tarehe. Excel inahesabu siku kuanzia 1 Januari 1900, ambayo ni namba 1. Tarehe 6 Januari 2024 ni namba 45297. Ongeza 7, unapata Jumamosi inayofuata. (Excel pia inaamini kulikuwa na tarehe 29 Februari 1900, ambayo haikuwepo, ilirithi hilo kutoka Lotus 1-2-3, programu ya zamani ya lahajedwali, ili mafaili yapatane. LibreOffice na Google Sheets zinaanzia 30 Desemba 1899, kwa hiyo kuanzia 1 Machi 1900 namba za programu zote tatu ni zilezile.)

Kisha nikafika ukurasa wa Pasaka.

Jumamosi ya 30 Machi 2024 ilikuwa mkesha wa Pasaka. Wengine walikuwa wanasafiri, na kwa kuwa ilikuwa Ramadhani nusu ya kikundi walikuwa wamefunga, kwa hiyo kikao kikarudishwa nyuma hadi Alhamisi tarehe 28, asubuhi. Na Jumamosi ya 4 Mei ni siku ambayo Kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu pale Mafia. Pwani yote ilikuwa imetahadharishwa, boti za Zanzibar zimesimama, na hakuna mama aliyetoka kwenda kwenye kikao. Kikafanyika kesho yake, Jumapili tarehe 5.

Sasa jaribu kubadilisha kile kikao cha Pasaka kuwa 28 Machi ndani ya mnyororo wa kuongeza 7. Vyote vinavyofuata vinakuwa Alhamisi hadi Desemba. Fomula haijui Pasaka wala haijui kimbunga. Inajua saba tu.

Dawa ni kutenga mambo mawili yaliyochanganyika: vikao vilifanyika lini, na kila kikao kina mistari mingapi. Nimefungua laha ya pili, nimeiita Vikao. Safu A ni namba ya kikao, safu B ni tarehe. B2 ni 6 Januari, B3 ni =B2+7, na kuendelea hadi B51. Nikanakili safu yote na kuibandika palepale kama thamani tu, ili fomula ziondoke zibaki tarehe. Hapo ndipo nikasahihisha kwa mkono B14 iwe 28 Machi na B19 iwe 5 Mei, bila jirani yeyote kusogea. Kisha kwenye laha kuu, iitwayo Data, A2:

=INDEX(Vikao!$B$2:$B$51,INT((ROW()-2)/28)+1)

Kwa maneno: chukua namba ya mstari huu, ondoa 2 kwa kuwa tunaanzia mstari wa pili, gawa kwa 28, tupa sehemu ya desimali, ongeza 1. Mstari wa 2 hadi wa 29 yote inatoa 1, yaani kikao cha kwanza. Mstari wa 30 unatoa 2. Mstari wa 1401 unatoa 50. INDEX inakwenda kwenye orodha ya vikao na kuleta tarehe ya namba hiyo. Kwenye LibreOffice alama ya mshangao inakuwa nukta, na kutegemea mpangilio wa kompyuta koma inaweza kuwa nukta-mkato.

Majina nayo, yaliyoorodheshwa kwenye laha ya Wanachama, yanajazwa na ndugu yake wa karibu. INT inatupa kikao cha ngapi, MOD inatupa mwanachama wa ngapi ndani ya kikao:

=INDEX(Wanachama!$B$2:$B$29,MOD(ROW()-2,28)+1)

Tarehe zinarudia 28 28, majina yanazunguka kuanzia wa kwanza hadi wa 28 na kurudi mwanzo. Safu mbili kamili, zimejaa, na hakuna mtu aliyechapa jina.

Jambo moja lisisahaulike kabla ya kuingiza pesa yoyote: nakili safu hizo mbili, bandika kama thamani. Fomula inayotegemea namba ya mstari haina uaminifu kwa data. Ukipanga upya au ukiingiza mstari katikati, namba za mistari zinabadilika na tarehe zinabadilika nazo, pesa ya Machi inajikuta Aprili. Fomula hapa ni ya kujengea tu. Ikishajenga, iondoke.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeingiza kurasa za Januari hadi Machi. Umeme ulikatika jioni, betri ikanifikisha hadi mwisho wa Machi. Hakuna la kueleza zaidi.

Jumapili, 9 Februari

Leo ni siku ya mambo mazito. Katibu ameleta faili lililochapwa zamani kwenye kompyuta ya kukodi, vikao vya Januari hadi Machi 2024, akidhani litanipunguzia kazi. Kompyuta ile ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Marekani, ambako mwezi unatangulia siku. Aliyechapa aliandika kama sisi tunavyoandika, siku kwanza. Matokeo yake naomba yeyote anayetunza hesabu za watu ayasome taratibu.

13/1/2024 haikueleweka, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Kompyuta ikaiacha kama maandishi. Huyu ni rahisi kumtambua: tarehe halisi hukaa kulia mwa seli, maandishi hukaa kushoto. Tarehe 20, 27, 17, 24, 16, 23 na 28 zote zikawa maandishi.

10/2/2024 ikawa tarehe 2 Oktoba. 9/3/2024 ikawa 3 Septemba. Hizi nazo zinakamatika, na kwa kikundi kinachokutana Jumamosi kuna kipimo kizuri mno: namba ya tarehe ya Jumamosi siku zote inagawanyika kwa 7 bila baki. 45297 gawa kwa 7 ni 6471 kamili. Kwa hiyo ukiandika =MOD(B2,7) pembeni ya tarehe, Jumamosi inatoa 0, Jumapili 1, na Alhamisi 5. Tarehe 2 Oktoba 2024 ilikuwa Jumatano, inatoa 4. Tarehe 3 Septemba ilikuwa Jumanne, inatoa 3. Kwenye orodha yangu ya Vikao kila kitu ni 0 isipokuwa B14 yenye 5, ile Alhamisi ya kabla ya Pasaka, na B19 yenye 1, Jumapili ya baada ya kimbunga. Sijawahi kuona namba zikisimulia mwaka wa kikundi waziwazi hivyo.

Lakini sasa tazama hii. 6/1/2024 ikasomwa 1 Juni 2024. Tarehe 1 Juni 2024 ilikuwa Jumamosi. 3/2/2024 ikasomwa 2 Machi, Jumamosi. Na 2/3/2024 ikasomwa 3 Februari, Jumamosi. Kipimo cha saba kinapita vizuri kwa zote tatu. Mbaya zaidi, 3 Februari na 2 Machi zilibadilishana nafasi: zote ni tarehe halali za vikao, kila moja ina mistari yake 28, hakuna iliyozidi wala kupungua. Ukihesabu idadi, sawa. Ukiangalia siku ya wiki, sawa. Pesa ya Februari imekaa Machi na ya Machi imekaa Februari, na faili linaonekana zima kabisa.

Kilichozifichua ni mambo mawili. Kwanza mfuatano: nilipoandika pembeni =A3>=A2, maana kila mstari uwe na tarehe sawa au ya baadaye kuliko wa juu yake, kulikuwa na sehemu ambazo jibu lilikuwa si kweli. Pili jumla. Mama mweka hazina aliandika jumla chini ya kila ukurasa, na kwenye laha ya Vikao nimeweka:

=SUMIFS(Data!$C$2:$C$1401,Data!$A$2:$A$1401,B2)

Fomula hiyo inakusanya hisa zote za tarehe hiyo, na pembeni yake nachapa jumla ya ukurasa. Kwa tarehe hizo mbili hazikulingana, tena moja ilikuwa na jumla ya mwenzake.

Safu ya tarehe ya faili lile nimeifuta yote. Sikurekebisha moja moja. Mistari yake ilifuata mpangilio wa kurasa, kwa hiyo nilijenga tarehe upya kwa INDEX kama Jumatano, nikabandika kama thamani, na jumla zote zikalingana na daftari.

Kuanzia leo tarehe inachapwa kwa mtindo mmoja: 2024-02-03, mwaka, mwezi, siku. Programu zote tatu zinausoma vilevile, iwe imewekwa kwa mpangilio wa Marekani au wa Uingereza. Namna ya kuonekana kwenye seli tunaweza kuiacha siku kwanza, kama tulivyozoea.

Jumatano, 12 Februari

Leja ya mikopo. Hapa kanuni ya 28 haifanyi kazi, kwa kuwa marejesho hayana idadi maalumu. Kikao kimoja wanarejesha wanne, kingine kumi na mmoja. Daftari lina tarehe kwenye mstari wa kwanza, na chini yake zile alama mbili za "kama juu" hadi kikao kifuatacho.

Nimechapa jinsi lilivyo, tarehe mara moja, mistari mingine tupu, kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kuingiza. Kujaza kunakuja baadaye. Kwenye Excel: chagua safu, bonyeza F5, nenda chaguo maalumu, chagua seli tupu. Sasa ni zile tupu tu zilizochaguliwa. Andika alama ya sawasawa, bonyeza mshale wa juu mara moja, kisha Ctrl na Enter. Kila seli tupu inachukua iliyo juu yake, na ya juu yake nayo imechukua ya juu yake, hivyo tarehe inateremka hadi inapokutana na tarehe mpya. Bandika kama thamani, umemaliza.

Kwa LibreOffice na simu nimetumia safu ya msaada. Tarehe zilizochapwa ziko safu B, kwenye C2 naandika:

=IF(ISNUMBER(B2),B2,C1)

Kama B ina tarehe halisi, ichukue. Kama haina, chukua iliyo juu. Uzuri wake ni kwamba inavuka hata zile alama za "kama juu" kama mtu alizichapa, na inavuka seli yenye nafasi tupu ya kibodi, ambayo kwa macho ni tupu lakini kwa Excel si tupu na F5 ingeiruka.

Uzuri huohuo ndio hatari yake. Tarehe iliyogeuka maandishi, kama ile 13/1/2024, nayo si namba. Fomula itaivuka kimyakimya na kuwapa watu wa tarehe 13 tarehe ya 6. Kwa hiyo kabla ya kujaza nafuta alama zote, kisha nalinganisha =COUNTA(B2:B400) na =COUNT(B2:B400). Ya kwanza inahesabu kila kisicho tupu, ya pili inahesabu namba pekee. Zikitofautiana, kuna maandishi yamejificha kwenye safu ya tarehe, na hakuna kujaza mpaka yapatikane. Leo zilitofautiana kwa sababu ya nafasi tupu za kibodi. Zimefutwa.

Ijumaa, 14 Februari

Malipo ya simu. Wanachama wengine hurejesha kwa simu katikati ya wiki, na muamala unakuja na tarehe pamoja na saa. Mambo mawili tumekubaliana na viongozi.

Anayetuma saa sita na nusu usiku, sisi tunasema ni usiku wa kuamkia Jumamosi, na mwenyewe atasema "nilituma Ijumaa usiku". Ujumbe wa simu unasema Jumamosi. Tunafuata ujumbe, siku zote, hata kama mtu amekumbuka vingine, kwa sababu ujumbe ndio utakaoonyeshwa kukiwa na ubishi.

La pili ni saa zenyewe. Saa ni sehemu ya desimali ya ile namba ya tarehe. Mchana wa saa sita wa 6 Januari 2024 ni 45297.5. Kwa macho umeificha saa, seli inaonyesha 6 Januari, lakini ukiiuliza SUMIFS ikusanye tarehe 6 Januari haitaihesabu, kwa sababu 45297.5 si 45297. Pembeni weka =INT(A2), nakili, bandika kama thamani. Saa tunaihifadhi kwenye safu yake.

Jumamosi, 15 Februari

Kikao cha leo kimeandikwa moja kwa moja kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza, daftari likiwa pembeni kwa tahadhari. Mwaka huu wanachama ni 30. Katibu amekaa mwenyewe kwenye kibodi. Amechagua seli 30 kupitia kisanduku cha anwani, amebonyeza Ctrl na nukta-mkato, ambayo inaandika tarehe ya leo, kisha ameijaza kwenye seli zote. Safu imejaa kabla mwenyekiti hajamaliza kusoma mahudhurio. Akina mama wamepiga vigelegele, na katibu amestahili.

Amenionyesha kwamba alikuwa ameanza kutumia =TODAY() kwa vikao vya Januari. Tumeitoa. Hiyo ni fomula hai, kila siku inageuka kuwa siku hiyo. Ukifungua faili Jumatatu, kikao cha Jumamosi kinasema Jumatatu. Kwa hesabu ya umri wa mkopo inafaa sana. Kwa kumbukumbu ya kikao haifai kabisa. Ctrl na nukta-mkato inaandika tarehe mfu, isiyobadilika, na hiyo ndiyo tunayoitaka. Inachukua siku kutoka kwenye saa ya kompyuta, kwa hiyo mweka hazina amejitwika kazi ya kuiangalia saa hiyo kabla ya kikao kufunguliwa.

Mama mmoja muuza dagaa ameuliza aliweka nini mwezi wa nane. Tumechuja kwa jina lake na kwa tarehe 1 hadi 31 Agosti 2024. Mistari mitano ikaja: tarehe 3, 10, 17, 24 na 31. Ameisoma mmoja mmoja kwa sauti, akalinganisha na kadi yake ya mwanachama, akasema zote ziko sawa.

Jumapili, 16 Februari

Hali ya kazi: laha ya hisa ya 2024 imekamilika, mistari 1,400, kila tarehe =COUNTIF, inayohesabu mistari ya tarehe hiyo, inatoa 28, na jumla za vikao vyote zinalingana na kurasa. Leja ya mikopo imejazwa hadi Septemba. Imebaki Oktoba hadi Desemba, halafu nakala iende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Katibu ameomba orodha ya Vikao ya 2025 iandaliwe mapema hadi Desemba, na Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, 19 Aprili, iulizwe kwenye kikao kijacho kama inasogezwa.